Ukifika, Usimbebe Mama

Kaka yangu,

Sisi tunasukuma siku. Paa la jikoni limezibwa, na cherehani ya mama nimeifunika shuka.

Juzi alikuwa anakamua taulo, mkono ukavunjika; umefungwa plasta. Daktari anasema tezi ndogo za shingoni zimeharibika, zinachota kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Kumbe maziwa yote niliyomnywesha nilikuwa natia maji kwenye pakacha. Upasuaji, moyo wake hauuwezi.

“Mwanangu akifika atanibeba juu kama zamani,” anawatambia majirani.

Kaka, akikunyooshea ule mkono mzima, weka mikono yako nyuma. Mbavu zake hazistahimili kukumbatiwa. Mimi kumwambia nimeshindwa. Leo ameniuliza kama plasta haitakuelemea.

Mimi,
kitindamimba wa mama