Chungu Kinachokula Plastiki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Majok Arop Ater. Umri: miaka 34. Kazi: mpakiaji mizigo, uwanja wa ndege, Juba. Makazi: Buluk.

Mshukiwa, Awien Arop, ni dada yangu. Tulilelewa pamoja kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na ni mgongo wangu huu uliomsomesha biolojia Nairobi. Afande ameniambia hilo halihusiani na kesi. Naomba liandikwe.

Mnamo tarehe 14 Agosti 2010, saa nne asubuhi, tulikuwa uani. Awien alikuwa na vyungu viwili vilivyofunikwa, juu ya makaa hafifu. Ndani mlikuwa na vijidudu alivyovitoa kwenye lundo la takataka, pamoja na vipande vyembamba vya poliesta, plastiki ile ya chupa za maji. Harufu ilikuwa mbaya, sikatai.

Askari wawili waliingia wakidai tunapika siko, pombe kali ya kienyeji. Nilicheka. Kisha nikaona mtaa mzima uko mlangoni, nikaacha kucheka.

Awien alisema, "Afande, hii si pombe. Ni vijidudu. Vinatoa vimeng'enya vinavyokata plastiki."

Konstebo Lodu, huyu anayeandika haya, alijibu, "Dada, mimi iko na pua." Akamwaga chungu cha kwanza. Awien alilia kama aliyefiwa. Cha pili alikikumbatia, akaungua mikono.

Ili kumaliza ubishi, konstebo alichovya kidole, akaonja. Akatema.

Hapo Awien alitoa kipande cha plastiki kwa kijiko, akakiinua juani. Kilikuwa kimejaa matundu. Mimi ndiye niliyekikata kwa mkasi kabla ya kutiwa chunguni, na kilikuwa kizima. Jirani yetu Poni, aliyetushtaki, alisema, "Wallahi, imekula!"

Hata hivyo Awien alikamatwa, na chungu kikaletwa hapa kama kielelezo. Kimekaa sakafuni. Kikipoa, kazi inasimama, na kingine hana.

Kila siku nashusha maji ya chupa kutoka kwenye ndege. Chupa zikiisha maji hazina pa kwenda, zimejaa mitaroni kwetu. Dada yangu amezipatia mlaji. Najivunia hilo, na nitalisema hata mbele ya hakimu.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, natia sahihi.

(Sahihi) Majok A. Ater

Maelezo ya ofisa: Nimeandika kwa Kiswahili, tunachokielewa sote. Nathibitisha nilionja. Si siko. Kielelezo kimehamishiwa kwenye jiko la muuza chai wa kituo. Mshukiwa ameachiwa huru, ila amekataa kuondoka hadi kipate moto.

Konstebo Lodu