Mpangaji Anayesikiliza Mpira

Jumatatu, 14 Aprili

Klabu imeniletea mchezaji mwingine wa kulala chumba cha juu. Kila mwaka hivyo hivyo. Timu yetu ni ya ligi ndogo, wachezaji hawana pa kukaa, basi sisi wajane wenye nyumba kubwa tunawapokea, na mimi napata kiti cha bure cha kuangalia besiboli hadi vuli.

Huyu anaitwa Lavelle Pruitt. Katoka Mississippi. Kazi yake ni kusimama kule nje, mbali kabisa kwenye nyasi, na kudaka mipira inayopaa. Ana adabu mno. "Ndiyo, mzee. Asante, mzee." Kaosha hata sufuria ambayo hakulia. Mtu wa namna hii ana jambo. Saa ya marehemu mke wangu nimeihamishia kwenye debe la unga.

Jumamosi, 26 Aprili

Karoti! Anazitafuna mbichi, asubuhi na jioni, mfuko mzima unakwisha. Mwanamume mwenye mabega kama mlango! Nikamwambia, "Kijana, hapa Iowa karoti tunawapa farasi." Akacheka. Anacheka kila ninapomuuliza kitu. Sijawahi kumwamini mtu anayecheka kabla ya kahawa.

Tena haendeshi gari jioni. Ati leseni ina matatizo. Asubuhi leseni haina matatizo!

Jumapili, 4 Mei

Hulda, jirani yangu, kaja kwenye ua na sumu yake.

"Orrin, mpangaji wako analewa."

"Umemwonea wapi?"

"Jana jua likizama. Kajigonga kwenye sanduku langu la barua, akaliomba radhi."

Nimeingia chumbani kwake akiwa mazoezini. Ndiyo, nimeingia — ni nyumba yangu. Nimenusa kikombe: maziwa. Nimenusa viatu, nikajuta. Chupa hakuna. Basi kama si pombe ni mwanamke. Na kama si mwanamke ni jambo baya zaidi, maana la mwanamke ningelisikia kwa Hulda.

Alhamisi, 15 Mei

Uwanjani. Mimi hukaa mbao za nje, benchi zile za bei rahisi nyuma ya walinzi wa nje, wadakaji kama Lavelle, kwa sababu pale ulimi wangu unawafikia. Leo yule wa timu ya wageni nimemuuliza kama glavu kashonewa na mama yake au ni kikapu cha mayai. Wakati wa kuondoka kaniambia nikalale kaburini. Siku nzuri.

Ila Lavelle! Mpigaji akigusa tu mpira, yeye keshaondoka. Wenzake bado wanatazama juu, yeye kashafika, anangoja kama mtu wa kituo cha basi. Watu wanasema kipaji. Mimi nasema kuna mtu anampa siri.

Halafu jioni, taa zimewashwa lakini mbingu bado ina rangi ya maji ya vyombo, treni ya mizigo ikapita ikipiga honi. Wakati huo huo mpira ukapigwa. Lavelle kasimama kama nguzo! Hakugeuza hata shingo. Mpira ukaanguka nyuma yake. Kocha Sorrell katupa kofia chini na kuikanyaga.

Lavelle kasema ni taa. Taa zilikuwa zimetulia zake.

Jumanne, 20 Mei

Nimemfanyia jaribio. Jioni, tuko uani, giza halijakaa sawa. Nikachukua kiazi. Nikakirusha polepole, juu juu, bila neno. Mtu anayedaka mipira kwa riziki yake.

Kikamtua kwenye paji la uso.

"Mzee! Umenipiga na nini?"

"Kiazi. Hukukiona?"

Akakaa kwenye ngazi. Mara ya kwanza sijamwona akicheka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka juzi. Ni jioni tu, mzee. Mchana naona hata mshono wa mpira. Jua likiondoka, mpira unapotea."

"Na kupiga unapigaje?"

"Pale kwenye gongo la kupigia taa zinamulika vizuri. Ni kule nje ndiko kuna ukungu."

"Sasa unadakaje?"

Akagonga ngazi kwa kidole. "Nasikiliza. Gongo likiupata vizuri linalia kavu, narudi nyuma. Likiukosea linalia kama ubao uliooza, nakuja mbele. Mpira ukishafika karibu, naumalizia kwa macho."

Ndiyo maana ya karoti. Jitu zima linajitibu kwa saladi!

Kaniomba nisiseme. Katembea kwenye mabasi ya ligi ndogo tangu anatoka shule, miji ambayo hata majina yake hayakumbuki, anakula mikate baridi, na sasa yuko ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu. "Wakijua, mzee, hawanipeleki kwa daktari. Wananipeleka nyumbani."

Nikamwambia nitafikiri. Amelala na barafu usoni. Mimi nimefikiri: na hii ya macho isije ikawa uongo wa kufunika jambo jingine?

Jumapili, 1 Juni

Si uongo. Nimemrushia na soksi.

Ijumaa, 8 Agosti

Lavelle anapiga vizuri mno. Gazeti limemwita hazina. Leo mtu mmoja mwenye kofia ya majani kakaa pembeni yangu, mbao zote zikiwa tupu. Kaninunulia soseji. Mtu asiyenijua akininunulia soseji, naila nikimtazama mikono.

Ni Ostby, mpelelezi wa vipaji wa timu kubwa.

"Nasikia Pruitt anaishi kwako."

"Analala kwangu. Kuishi anaishi kwenye karoti."

"Anakunywa?"

"Maziwa."

"Kuna lolote ambalo tungepaswa kulijua kabla hatujamchukua?"

Nikaiweka soseji chini. Nikaitazama ile nyasi, kijana yule kasimama shingo imeinama kidogo, sikio mbele kama mbwa wa kuwinda. Nikasema, "Ndiyo. Anaimba bafuni, na hajui kuimba."

Ostby kacheka. Sikukipenda kile kicheko. Yule bwana alikuwa ananiuliza, au alikuwa anapima kama mimi pia ni mwongo?

Jumatatu, 1 Septemba

Kaitwa! Ligi Kuu! Sorrell kapiga simu, Lavelle kapokea akiwa na taulo, taulo likaanguka, Hulda alikuwa dirishani. Kalia kama mtoto. Kampigia mama yake, mama naye akalia, nikasikia kutoka jikoni.

Kanikumbatia. Kanishika muda mrefu kuliko inavyofaa kumshika mwenye nyumba. Nikajua kuna kitu anataka.

Jumatano, 3 Septemba

Nilijua! Tiketi imekuja. Familia za wachezaji zinakaa mbele, kwenye viti vya mito. Mimi kanipa mbao za nje, mstari wa kwanza juu ya ukuta, nyuma yake kabisa. Nikampigia.

"Kijana, mbona umeniweka na wahuni?"

"Mzee, kule watu ni elfu arobaini. Jana nimesimama pale, gongo silisikii. Nasikia bahari tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nahitaji sauti moja ninayoijua. 'Njoo' au 'rudi'. Basi. Nimeisikia ikitukana watu msimu mzima, mzee, haifanani na nyingine."

Nikamuuliza kama huo si wizi. Kasema sheria haisemi kitu kuhusu mzee kupiga kelele. Hilo ni kweli. Na limenitia wasiwasi zaidi.

Ijumaa, 5 Septemba

Naandika hapa hapa, kwenye mbao. Kelele! Jirani yangu ana tarumbeta. Nimemwambia akiligusa tena nalimeza.

Mchana ulipokuwa bado, Lavelle kadaka mipira miwili mwenyewe, safi. Kapiga mmoja ukaruka mbali, watu wakasimama. Mama yake nimemwona kwenye skrini kubwa, kofia ya kanisani, mikono usoni.

Jua limezama. Mbingu imegeuka ile rangi.

Mpira wa kwanza wa jioni: nikapiga ukelele "Njoo!" Kaja, kaudaka. Jirani kaniuliza, "Mzee, unamjua?" Nikasema simjui.

Sasa hivi hivi! Mpira umepigwa, mrefu. "Rudi! Rudi!" Karudi. Karudi na kurudi, na mimi kwa kiherehere sikuwa na neno la "simama", hatukupanga neno la "simama"! Kaukuta ukuta chini ya miguu yangu. Nimeusikia mlio kwenye ubao ninaokalia.

Mpira uko kwenye glavu. Kaunyanyua, mwamuzi kakubali. Lakini hainuki. Daktari wa timu kaja mbio, kapiga goti, kamnyooshea vidole mbele ya uso.

"Vingapi?" anamuuliza. Namsikia mpaka hapa juu, maana uwanja mzima umenyamaza. Watu elfu arobaini, hata tarumbeta halipumui.

Chini ya ukuta taa hazifiki, Lavelle havioni vidole. Kageuza sikio huku juu. Ananingoja nimtajie.

Navitazama. Viwili. Au vitatu, kile kimoja kimekunjwa —

Na Ostby, yule wa kofia ya majani, kasimama hapa pembeni kwenye ngazi, haangalii uwanja. Ananiangalia mimi mdomo.