Chupa ya Dawa na Mikono ya Mama Asha

Kindu, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, ile ya kuudhi, haitaki kukatika wala kunyesha kwa nguvu. Ni saa tisa alasiri. Nimejifungia maabara na kila anayegonga namwambia nahesabu vijidudu vya malaria. Ni uongo. Naandika.

Nimekuwa mtu mbaya kwa miaka minne na nimejua juzi tu.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua kazi yangu: mimi ni fundi wa maabara katika hospitali moja ya mji huu, na sitaitaja. Majina ya watu nimeyabadilisha. Langu silitaji kwa sababu naogopa, sina sababu nyingine.

Miaka minne iliyopita watoto wachanga watatu walikufa katika maternite yetu, wodi ya kuzalia, kwa juma moja. Kidudu kilichowaua kilikuwa sugu. Tuliwachoma sindano za kila dawa tuliyokuwa nayo, ikawa kama tumewachoma maji. Daktari mkuu akaniagiza nitafute kidudu kimetoka wapi. Nikapitisha pamba kila mahali: kwenye mizani, bomba, vitanda, chupa ya dawa ya kuua vidudu, na mikono ya wafanyakazi wote.

Hapa niseme ukweli. Manesi niliwaambia siku moja kabla, maana ni wenzangu na tunakula sahani moja. Wakaja na mikono inayonuka javel, yale maji ya klorini. Mama Asha, aliyekuwa akifagia na kupiga deki, sikumwambia. Sikuona haja.

Njia niliyokuwa nayo ni ya zamani. Unapanda kidudu kwenye sahani ndogo, unaweka juu yake vikaratasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali, kesho yake unatazama dawa ipi imekiua na ipi imeshindwa. Vidudu viwili vikizishinda dawa zilezile, unasema ni ndugu. Kidudu cha mikononi mwa Mama Asha kilizishinda dawa zilezile kama kile cha watoto. Kile cha kwenye chupa kilikufa kwa dawa moja zaidi, kwa hiyo nikakiondoa kwenye orodha. Nikaandika: chanzo, mikono ya mfagiaji. Nikatia sahihi na muhuri, nikaenda nyumbani kulala.

Mtoto wa tatu alikuwa mjukuu wake, mtoto wa Asha, binti yake wa pekee. Mama Asha alikuwa akimaliza kupiga deki anakwenda kumbeba.

Alifukuzwa kazi. Mtaani habari za vidudu hazikudumu hata siku mbili, ikawa ni ulozi: bibi amemla mjukuu. Asha alikwenda kusimama mlangoni kwa mama yake, majirani wakitazama, akamwambia, "Mikono yako ikauke." Tangu siku hiyo hawasalimiani. Mimi niliposikia nilikuwa nakula wali, na nikaendelea kula.

Mwaka huu mtafiti mmoja wa Kinshasa akaomba vidudu vya zamani kutoka hospitali za mikoani. Alitaka kulinganisha njia yetu ya sahani na njia mpya, ile ya kusoma vinasaba vya kidudu chenyewe. Mimi vyangu nilikuwa navyo kabatini, kila kimoja kwenye kichupa chake na chakula chake. Nikamtumia vyote, hata kile cha kwenye chupa ya dawa, kwa sababu tu sanduku lilikuwa na nafasi.

Majibu yamefika Jumanne. Kidudu cha watoto na cha kwenye chupa ni kimoja. Cha mikononi mwa Mama Asha ni mgeni, hakina udugu nao wowote.

Nilisoma karatasi ile mara tatu, nikaanza kubishana nayo. Kisha nikakumbuka jambo ambalo kila mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa. Kidudu huweza kuokota usugu au kuupoteza njiani, kikabaki kilekile. Na vidudu viwili visivyojuana vinaweza kuokota usugu uleule, hasa katika hospitali kama yetu ambapo kila mgonjwa hupewa dawa zilezile. Siku ya wanawake, mwezi wa tatu, nusu ya wanawake wa Kindu hutembea na kitenge cha aina moja. Mimi nilikamata mwuaji kwa kuangalia kitenge.

Na chupa ile niliijaza mimi, dawa mpya juu ya masalia ya zamani, bila kuiosha.

Mazoea hayo niliyatoa vitani. Nilikuwa mwanafunzi wa maabara mji ulipozingirwa. Treni haikuja, mitumbwi ya kutoka Lokandu haikupita mtoni, chumvi tulinunua kwa kijiko. Muzee aliyenifundisha kazi alinikataza kumwaga chochote. Dawa ikipungua chupani unaongezea juu yake. Chupa huoshi, maana ukiosha unapoteza matone ya mwisho. "Hii matone njo maisha ya muntu," alikuwa akisema, matone haya ndiyo uhai wa mtu, na alisema kweli. Waliopigwa risasi tuliwasafisha kwa dawa hiyo, na baadhi yao leo wana wajukuu.

Vita viliisha. Treni ikarudi, ikija inapotaka yenyewe. Mimi nikaendelea kuongezea. Nikawafundisha na manesi, nikasifiwa mkutanoni kwamba sipotezi mali ya hospitali. Chupa ya maternite haikuoshwa kwa miaka, na huko chini kidudu kikaizoea dawa, kikakaa humo kama mpangaji. Dawa hiyo ndiyo manesi walipaka kwenye vitovu vya watoto. Mama Asha peke yake hakuruhusiwa kuigusa, kwa sababu yeye alikuwa mfagiaji tu.

Jumanne hiyohiyo nilimwaga chupa zote na kuzichemsha. Nesi mmoja akaniuliza, "Madame, leo tunamwanga mali?" Nikamwambia ni agizo kutoka juu.

Jana nilimpelekea daktari mkuu karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Madame, ile maneno ilishaisha. Unataka wamama waogope maternite? Achana nayo." Nilitoka nimekasirika sana, na hasira ile niliipenda, ilinifanya nijione mtu mwema. Nikajiambia kesho nitakwenda kwa Mama Asha mwenyewe. Kusema kweli nilikwenda kutua mzigo wangu, wa kwake sikuufikiria sana.

Leo asubuhi nimekwenda mtaa wa Mikelenge kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo. Mama Asha anauza mkaa. Alijaribu kuuza mikate akaacha, maana hakuna aliyekubali kula kitu kilichopita mikononi mwake. Mkaa hauliwi. Alinipa kiti, akabaki amesimama kama mfanyakazi mbele ya mkubwa wake, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nikamwambia yote: kidudu, chupa, manesi niliowaonya, na yeye ambaye sikumwonya. Nikampigia magoti kwenye vumbi la mkaa. Nikasema nitakwenda kwa Asha leo hii na karatasi mkononi.

Hakulia. Aliniuliza, "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe, mama."

"Nilishakubali kama njo mimi. Miaka ine. Hata mutoto ya jirani akianguka, simuinui."

Kisha akanishika bega kwa nguvu, mkono ule mweusi wa mkaa.

"Usimuambie Asha."

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza kueleza upya.

"Nimesikia, Madame. Asha iko na mimba. Mwezi unaokuja anazala. Mara ya kwanza damu ilimutoka, kidogo afe, njo hospitali ilimuponesha. Sasa anakubali kurudia kule sababu anajua mulozi haiko kule tena. Ukimuambia ni chupa yenu, atazalia ku nyumba. Na ku nyumba atakufa." Akaniachia bega. "Acha anichukie mupaka azale."

Nikamwambia chupa zimechemshwa, nitazichemsha kila asubuhi kwa mikono yangu. Akasema vizuri, lakini Asha hataamini, na hata yeye mwenyewe, angekuwa ndiye Asha, asingeamini. Kisha akarudi kupanga mafungu yake ya mkaa, kwa sababu mteja alikuwa amesimama nje, akingoja mimi mgeni nitoke.

Sasa naandika lile lililonifanya nifunge mlango.

Nilifurahi.

Njiani kurudi, kwenye mvua, kifua changu kililegea. Sitafukuzwa mwezi huu. Manesi hawatanikodolea macho, jina langu litabaki safi, na si mimi niliyeomba, ni yeye. Mwanamke niliyemwangamiza amenifichia dhambi ili mwanawe apone, na mimi nikaipokea kama zawadi, nikafika kazini nikanywa chai. Nilipogundua kwamba nakunywa chai kwa raha, nikaimwaga.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Chupa nitachemsha, kila asubuhi, mbele ya macho yangu. Asha akizaa nitakuwapo, na kitovu cha mtoto huyo nitakisafisha kwa dawa ya chupa iliyofunguliwa siku ileile. Akitoka maternite nitamfuata nyumbani na karatasi, nimsomee kila mstari, halafu arudi kwa mama yake au asirudi. Ndipo nitakapoweka maandishi haya hapa, si kabla.

Kama unayasoma, basi Asha amezaa, na mimi nimefika kwake kabla yako. Kama hakuna atakayeyasoma, niliogopa.