Kabureta Iliyobaki Katoyi

Mujukuu wangu Neema,

Hakuna mutu Goma nzima anayejua pikipiki kunishinda; zikisikia nyayo zangu, zinawaka zenyewe. Usicheke. Ndevu zangu ni tatu tu, lakini mimi ni mudogo wa bibi yako, kwa hiyo ni babu yako. Soma kwa heshima. Bibi ni muzima, anakusalimu.

Umeuliza kama kungali na pikipiki kama ile ya marehemu muzee, mume wa bibi yako, nyeusi, yenye tanki pana. Nilizitafuta, maana nilimuahidi bibi kwamba ya muzee itanguruma tena. Ilikosa gurudumu la mbele tu. Ya Munigi ilimezwa na lava, usukani pekee unaonekana. Ya Ndosho, springi zake ziko kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, zinabeba viazi.

Mwisho nikafika Katoyi, kwa mama Zaina, mujane. Yake inang'aa kama sahani ya sikukuu. Ilikosa kabureta tu, lakini kila Ijumaa anaipangusa na kuizungusha magurudumu kwa mukono.

"Mama, niuzie gurudumu."

"Na yangu isimame kwa muguu gani, babu mutoto? Ya kwenu munaipangusa?"

Kwenye kiti cha yetu, kuku wanataga.

Kesho yake nikamupelekea kabureta yetu, nikaifunga mwenyewe. Ukimuona yule mama juu ya pikipiki, Neema, utasimama kama kwa chifu.

Kitu kimoja tu kimeharibika. Ijumaa alipita hapa kwetu. Bibi yako akakimbia mupaka barabarani, akidhani ni ya muzee imewaka. Bado sijamuambia kwamba kabureta ya muzee iko kwa mama Zaina.

Babu yako,
Kito