Sukari Guru Uliyoninyima

Ba,

Mjukuu wako Nisha amepata mchumba. Jumamosi tulikula gol-dhana yake, sukari guru na dania ya kuwakubali wachumba, hapahapa Queensbury, sebuleni kwako, viti vyako tukiwa tumevisukuma ukutani. Naanza na hili kwa sababu najua swali ambalo ungeniuliza kabla hata hujaniuliza kama mwanao anavaa soksi nzito. Nani alishika sinia? Ungeuliza hivyo, na macho yako ungeyapeleka pembeni.

Nilishika mimi.

Tulia nikueleze, mama mkwe, maana ukimwachia binti yako Hansa akusimulie, utapata upande wake tu.

Kwanza habari za nyumba. Mume wangu Kirit bado anapita mlangoni kwako kwa vidole vya miguu, kana kwamba umelala. Mtoto wako amezeeka ghafla, Ba. Mimi naendelea na jiko langu kule Hayes. Unakumbuka nilianza kwa kupanga sahani za chakula cha abiria wa ndege karibu na Heathrow, nimevaa wavu kichwani, nikisimama mpaka miguu inafura. Sasa wanaosimama ni wengine, na mimi ndiye ninayewaambia wakae kidogo. Biashara inakwenda. Mahesabu yananitii. Lakini juzi nilijikuta mezani na kisu, nakata sukari guru vipande vidogo vidogo vya saizi ya fizi zako, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Nilikaa chini. Sikujua nivifanyie nini vile vipande.

Mimi na wewe tulianza vibaya, na tulianza kwa sukari hiyohiyo. Siku Kirit aliponileta mara ya kwanza, nilijitolea kupika chai. Nikapika kama kwetu: maziwa, majani na utamu, vyote sufuriani, vichemke mpaka vipande juu. Nikaona gol yako, kama mnavyoiita sukari guru, kwenye kopo nikasema, ah, hii naijua, nikatupia bonge zima. Maziwa yakakatika yote. Ulichungulia sufuria, ukamgeukia mwanao, ukasema kwa Kiswahili chako cha Kisumu ili nisikie vizuri: "Kirit, kwa nini hukuniambia umeleta mpishi wa jibini?" Nilitaka ardhi inimeze. Kisha ukachukua sufuria nyingine ukanionyesha: "Toa motoni kwanza. Ngoja hasira yake ishuke. Ndiyo utie gol."

Nilicheka. Nikakuambia, kwa kujisifu kabisa, kwamba baba yangu huchemsha sukari guru kwetu Kakamega. Nilidhani nimekuletea zawadi. Nikakueleza jinsi miwa inavyokamuliwa, jinsi maji yake yanavyochemshwa kwenye karai kubwa, jinsi sisi watoto tulivyogombania kukwangua kilichobaki. Ukaniuliza baba anamuuzia nani. Mimi sijui kudanganya kwenye mambo ya biashara, nikasema ukweli: wanunuzi wengi ni wapika chang'aa.

Uso wako ulifungika palepale. "Kitu tunachompa Mungu," ulisema, "nyinyi mnapikia pombe."

Hiyo pombe ndiyo iliyonisomesha, Ba. Hukutaka kusikia hilo.

Ukamaliza kwa kuninyima. Kwa watu wenu wa Kihindi, kabla ya karatasi na kabla ya dhahabu, mama wa mvulana huvunja gol, huichanganya na mbegu za dania, humlisha msichana kwa mkono wake mbele ya watu wote. Ukishalishwa, umekubaliwa. Hakuna wa kukutoa tena. Mimi niliolewa kwenye ofisi ya serikali, wewe ukiwa umekaa mstari wa nyuma na koti lako umelifunga vifungo vyote kama mtu anayengoja basi. Nilivaa vizuri. Niliangalia mikono yako muda wote. Mikono ilikaa ndani ya mifuko ya koti. Na Kirit aliangalia viatu vyake.

Sasa niambie, maana hili sijawahi kulielewa. Kila nilipoenda nyumbani, ulinipigia simu kabla sijapanda ndege kurudi: "Mama Nisha, usisahau ile ya Kakamega. Hii ya paketi ya Southall ni rangi tupu, haina harufu." Nikakubebea mabonge yaliyofungwa kwa majani makavu ya muwa, mpaka nguo zangu zote zikanuka moshi wa karai. Ulivunja kipande cha kwanza ukakiweka kwenye rafu yako ya maombi, mbele ya picha zako takatifu na ile taa ndogo. Mungu wako alikula kwa baba yangu kila asubuhi. Mimi hukunilisha hata mara moja.

Nilijifunza kwako, hilo silikatai. Ile golpapdi yako ya unga wa ngano na samli hakuna mtu Queensbury nzima aliyeiweza. Hukupima kitu. Ulichota kwa kiganja tu, na mimi, mtu wa mizani, nikaweka mizani yangu chini ya bakuli lako kila ulipochota. Uliponigundua ulipiga kelele: "Unanipima kama mwizi wa dukani?" Lakini konzi zako zilikuwa sawasawa, Ba, moja baada ya nyingine, gramu juu gramu chini. Nilikuheshimu siku hiyo kuliko nilivyowahi kukuambia. Tulikaa jikoni tukala pembe za golpapdi zilizokatika, ukanisimulia duka la baba yako Kisumu na ile mvua ya jioni inayotoka ziwani. Ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu. Nikafikiri: leo atanilisha. Nilifikiri hivyo mara nyingi sana.

Hata ulipougua nilingoja. Nikikuosha miguu, nikikukata kucha, nikikuinua kitandani na wewe ukinilaumu kwamba mikono yangu ina baridi. Sikuyafanya hayo nipate malipo. Lakini nilingoja, siwezi kusema sikungoja. Kisosi cha gol kilikuwa pale kando ya mto wako. Kilikuwa karibu na mkono wako kuliko glasi ya maji. Mwishoni ulinishika kifundo cha mkono ukasema, "Mama Nisha, funga dirisha." Ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia. Nimeyageuza kila upande nikitafuta kitu kingine ndani yake. Ni dirisha tu. Nililifunga.

Basi Jumamosi.

Mvulana anaitwa Espoir, anapakia mizigo uwanja wa ndege, na mama yake ni Mkongo wa Goma, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mtoto ana adabu. Kikombe alichonywea alikiosha mwenyewe bila kuangalia kama naangalia. Ungemuuliza kabila mara tatu halafu ungemwongezea chakula, nakujua.

Nilikuwa nimeshavunja gol, bonge la mwisho la kutoka nyumbani, nimechanganya na dania, sinia iko tayari. Hansa akanifuata jikoni, akafunga mlango. "Wee Mama Nisha, usikasirike. Hii huwa anashika mtu ambaye mwenyewe alilishwa. Ba hakukulisha wewe. Sote tunajua. Lete nishike mimi."

Ba, sina neno zuri la kusema nilivyosikia. Miaka yote hii nimeshika kila kitu cha nyumba hii isipokuwa sinia moja. Hansa aliona uso wangu, na kusema kweli alinihurumia. Akachukua kipande kidogo cha gol na punje za dania, akakileta karibu na midomo yangu. "Basi fungua haraka nikulishe mimi kwa niaba ya Ba, mambo yaishe."

Mdomo ulianza kufunguka wenyewe. Nilisikia harufu ya nyumbani. Nusu inchi tu, Ba, na ningekuwa nimelishwa.

Nikaugeuza uso. Nikamwambia asante, hapana. Sikutaka ya kuazima. Yako ndiyo niliyoitaka, na wewe haupo, na hakuna mtu mwingine aliye nayo. Hansa hakunielewa. Akasema, "Sasa utafanyaje?"

Upande wa pili wa mlango mama wa Espoir alikuwa amechoka kungoja, akiita kwa Kiswahili chake, "Bamama, tunangoja nini? Leteni hiyo sukari, mutoto wangu atakimbia!" Watu wakacheka. Nisha akafungua mlango. Alikuwa ameshasikia, kuta za nyumba hii unazijua. Akamwambia shangazi yake, kwa Kiingereza chake kile cha kasi, kwamba asipolishwa na mama yake basi hakuna sherehe, watu wachukue makoti yao. Kirit alikuwa amesimama kando ya friji. Safari hii aliinua macho, akanishikia mlango usijifunge. Ni kidogo. Nimekipokea.

Nikatoka na sinia. Nilimlisha Espoir kwanza. Punje za dania zikamwangukia kwenye shati, akaziokota akazila. Kisha Nisha. Kisha mama mtu, ambaye alifungua mdomo mkubwa kama mtoto wa ndege. Mtu ambaye hakuwahi kulishwa aliwalisha wote, na sukari ikayeyuka midomoni mwao vilevile. Hansa alikuja wa mwisho. Alinyoosha kiganja, mdomo hakuufungua. Nikamwekea kiganjani.

Mimi sikula. Walipoondoka kilikuwa kimebaki kipande kwenye sinia. Nilikiangalia kwa muda, nikakifunika. Nilidhani nitajisikia nimeshinda. Nilijisikia nimefiwa, kuliko hata siku ya mazishi, kwa sababu mpaka Jumamosi kulikuwa na sehemu yangu ya kijinga iliyokuwa bado inangoja. Sasa imeacha. Hutakuja. Nimekukasirikia, Ba, na nimekukosa, na vyote viwili vinauma mahali pamoja.

Hansa alitegemea nitaishusha picha yako ukutani. Alikuja na mfuko, kama bahati mbaya, akajitolea kuipeleka kwake. Nikamwambia airudishe mikono yake. Nakuahidi: nikiwa hai katika nyumba hii, picha yako haitashuka, na kila Jumapili itapata maua mapya, ya manjano, yale ya dukani Southall unayoyapenda. Usidhani ugomvi wetu umekwisha. Hatujamaliza. Ila siwezi kugombana na ukuta mtupu.

Lala salama. Watu wenu mke wa mtoto humwita vahu. Wewe uliniita Mama Nisha mpaka mwisho, na hilo ni jina zuri, lakini lilikuwa la mtoto wangu. Leo sikuombi ruhusa.

Vahu wako,
Nekesa