Shika Upande Wako wa Trei

Lizulu, Ntcheu
Jumatatu, 8 Aprili 2019

Mpendwa mdogo wangu Limbikani,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe, wifi Zione na watoto mu wazima huko Johannesburg, na kwamba kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mahindi yanakauka shambani, na viazi vya mwaka huu ni vikubwa. Mama anakula vizuri. Baba naye mzima, ila mikono inatetemeka kuliko ulivyoiacha.

Salamu zangu zinaishia hapo, maana nimekukasirikia.

Ulimpigia simu Bwana Mkutumula, karani wa wazee wa kanisa, ukamwomba Baba apumzishwe kugawa vikombe vya meza ya Bwana mpaka apone mikono. Hukumuuliza Baba. Hukuniuliza mimi. Kisha ukampa dereva wa basi alete chupa ya mafuta ya yule nabii wako wa huko, eti Baba apakwe viganjani.

Unajua walichofanya? Walimtoa mbele kwa upole mwingi, wakamkalisha benchi la nyuma, karibu na mlango, ili asichoke. Benchi lile, Limbikani. Umesahau nani hukaa pale? Waliotengwa kwa uzinzi na ulevi, wanaotazama wenzao wakishiriki. Ibada haijaisha, watu wakawa wanaulizana mzee Kadzombe amefanya nini. Bombani Mama Nambewe akaniambia, "Dada, baba yako kwa umri ule? Na mwanamke gani, jamani?" Nikamjibu, "Mwanamke ni mama yangu, na bado anamtosha." Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nyumbani Baba alikuwa amesukuma sahani pembeni. Aliniambia, "Mwanangu, nikifia kwenye benchi lile, nitazikwa kama mtu aliyefukuzwa."

Nikawaendea wazee. Mkutumula akasema kikombe cha Bwana kikimwagika ni aibu. Nikamuuliza, aibu ya nani? Bwana mwenyewe alilemewa na msalaba wake, akabebewa na mtu aliyekuwa akipita njia. Mtume Paulo aliomba mwiba wa mwilini mwake uondolewe, akaambiwa neema inatosha. Hakuambiwa akae nyuma hadi apone. Nimesoma vitabu vingi vya wanaoamini na vya wanaowapinga, na sijaona upuuzi unaozidi huu wa nabii wako, kwamba Mungu anakaa kwenye misuli ya wenye nguvu tu. Mungu wa namna hiyo simtaki hata nikipewa bure.

Jana ilikuwa meza ya Bwana. Wazee walipoitwa kuchukua trei, Baba akainuka kule mlangoni, akaja mbele polepole. Mkutumula akamnong'oneza, "Mzee, kaa tu, vikombe vitamwagika."

Baba akajibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Ndiyo, vitamwagika. Kwa hiyo mtanisaidia."

Akachukua trei. Vile vikombe vidogo viligongana kama meno ya mtu mwenye homa. Benchi la kwanza alikaa Mama Nambewe, yule yule. Baba akamwambia, "Shika upande huo, mama, peke yangu siwezi." Akashika. Akanywa, akamwachia jirani yake, naye akashika. Ikawa hivyo benchi kwa benchi. Miaka yote tumepokea kikombe huku tukitazama viatu vyetu. Jana tulitazamana usoni. Trei iliponifikia, mtetemo wa Baba uliingia mikononi mwangu mpaka kifuani, na trei ikatulia. Kikombe kimoja kiliishia kwenye tai ya Mkutumula. Sikusikitika.

Jumamosi wazee wanakutana kuamua kama Baba aendelee. Mkutumula anasema hawezi kupuuza ombi la mtoto wa kiume. Basi mpigie leo, ulifute kwa kinywa kile kile ulichoombea.

Mafuta ya nabii nimepaka bawaba za mlango wa jikoni. Zimeacha kulia, mshukuru.

Msalimie wifi, watoto na mjomba Sandikonda. Mama anawabusu. Mungu awalinde nyote, na wewe akulinde na nguvu zako.

Pasaka njoo. Nitakuwekea nafasi benchi la mbele, na Baba akifika, utashika upande wako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Tamandani