Majani ya Hotelini

Njoro, Moshi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza najua utaipokea huku unauliza mbona nimekaa kimya. Miguu haikusumbui? Mikorosho inaendeleaje, na paa la jikoni limestahimili mvua? Sisi huku hatujambo, tunakula na tunacheka, ila mvua inatupiga mpaka nguo za watoto hazikauki. Bonifasi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma taratibu na usiruke kitu. Ningepiga simu, lakini mtandao wa huko Newala mnaujua wenyewe, na haya si maneno ya kupigiana kelele "haloo, haloo".

Mama, nimelala hoteli ya kitajiri. Tena siku tatu, tena na mama mkwe!

Usicheke kwanza. Unajua mama yake Elibariki alivyo. Tangu niolewe na mwanawe hajawahi kunitukana, hapana, ila hajawahi kunipa kitu cha kushika. Nikipanda Marangu Jumamosi ananikaribisha vizuri, ananipakulia mtori wa ndizi, halafu ananikalisha sebuleni kama mgeni wa mchungaji. Zizini kwa Pendo, ng'ombe wake, ndiyo sikanyagi kabisa. Nikishika panga nimkatie majani ananinyang'anya: "Acha, mtoto wa korosho, utajikata." Wenzangu walioolewa ukoo huu wanakata majani, wanakamua, wanabishana naye. Mimi ni kyasaka, ndivyo wanavyomwita huku mtu asiye wa mlimani. Na miaka yote hii hajaniuliza hata siku moja, "Mama yako atakuja lini?" Sikukwambia kwa sababu nilijua itakuuma. Iliniuma mimi, ikatosha.

Sasa mwaka huu mgongo wake ukagoma. Daktari akasema apumzike, asiinue mzigo wowote. Mama, yule apumzike kwake? Kihambani pale, kwenye shamba lake la nyumbani, akikaa tu anaona mgomba umeinama, anaona kuku kaingia kwenye kahawa, huyo kashainuka. Tukimleta hapa kwetu Njoro anafua mapazia. Nikamwambia Elibariki, dawa ya huyu ni mahali asipokuwa na cha kushika. Tumpeleke hotelini mjini, ile nzuri kweli kweli, akalale mpaka jua lipande.

Elibariki akanitazama. Yeye anaongoza wageni kupanda mlima, kwa hiyo hoteli hizo anazijua, ila mwisho wake ni mapokezi. "Bei zake unazijua lakini?" Nikamwambia aniachie mimi.

Nilitafuta, Mama, nikatafuta kwenye simu mpaka macho yakawasha. Zilizo nzuri zote bei yake ya dola, kana kwamba mimi nimeshuka na ndege. Nikapata moja rahisi, pichani ina bwawa la bluu na vitanda vya neti kama vya bibi harusi. Nikaenda kuikagua kwa miguu yangu. Bwawani wanaishi vyura, na vile vitanda nadhani walivipiga picha kwa jirani.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye cherehani yangu. Kuna hoteli moja kubwa ambayo huwa inanipa mapazia niyapinde, ina bustani mpaka raha. Siku napeleka mapazia nikakuta kimya, kila ninayepishana naye ni mhudumu. Msimamizi wa vyumba, dada mmoja wa Kibosho, akaniambia masika wageni hawapandi mlima, vyumba vinalala vitupu, na mwenyeji akija mwenyewe akaulizia bei ya wenyeji anapunguziwa sana. Akaniombea na kwa bosi wake. Ikashuka mpaka tukaimudu. Na kwa kuwa ni masika, Elibariki naye hakuwa na safari, akapanda Marangu na watoto kukaa na Pendo.

Nikakosea jambo moja tu: mama mkwe sikumwambia. Nilimwambia tunashuka mjini kwa ajili ya mgongo, basi. Nilitaka ashtuke kwa furaha.

Alishtuka kweli. Akaingia chumbani, akatua kikapu chake cha ndizi mlangoni, akakaa kwenye ncha ya kiti na koti lake mwilini.

"Nyumba ya mwanangu imeungua?"

"Hapana, mama."

"Kwangu je, kumeungua?"

"Hapana."

"Basi nimefanya nini mpaka nilazwe nyumba ya kulipia, na wingu likiondoka hapo dirishani kwangu nakuona? Mtu wa Marangu akionekana kalala hoteli Moshi, watu watasema nini? Watasema mkwe wake kamfukuza."

Mama, nilinyong'onyea. Miaka yote naishi huku na hilo sikuwa nimelielewa. Mwenye kihamba halali hotelini karibu na kwake, labda kwao kumeharibika. Hata hao wanaokuja Krismasi kutoka Dar na magari yao makubwa, wanabanana kwenye magodoro nyumbani kwa wazazi. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Bafu zuri lile, mimi nalilia ndani! Nikajua nimejiharibia mwenyewe, sasa hata hiyo sebule nitaisikia kwa wenzangu.

Asubuhi naamka, kitanda chake kimetandikwa, yeye hayupo. Na shuka moja halipo. Nikatoka mbio na kandambili.

Nikamkuta bustanini. Mtunza bustani, mzee mwenzake, alikuwa amefyeka nyasi mbichi laini na anazikusanya akazitupe. Mama mkwe kamsimamia.

"Unatupa? Hizi unatupa?"

"Tunatupa, mama."

"Bwana atusamehe!"

Kashatandaza shuka la hoteli chini, jeupe pee, anaanza kuinama na mgongo ule ule uliotuleta. Na dada wa Kibosho yuko barazani anatutazama.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini nikamwona alivyoziangalia zile nyasi, nikamwelewa. Kule kwao wanawake wanazifuata nyasi mbali, wanazibeba mgongoni, na hapa zinatupwa. Nikasema, "Mama, kaa kwenye benchi. Nipe mimi." Nikakunja shuka la watu, nikavua kanga yangu ya juu, nikazoa. Nikafunga mzigo kwa fundo lako, lile la kuni ulilonifundisha, unapitisha ncha mara mbili halafu unavuta kwa chini. Halikudondosha hata unyasi mmoja. Mama mkwe akainuka, akauvuta mzigo, akauzungusha, akausukuma kwa mguu.

"Nani kakufundisha kufunga hivi?"

"Mama yangu."

"Anafuga?"

"Hafugi. Anafungia kuni."

"Mh." Akalivuta fundo tena. "Anajua kazi, huyo mama."

Mama, nilitamani kuruka! Ndiyo mara ya kwanza anakutaja.

Tukampigia Elibariki, akashuka na pikipiki akaupandisha mzigo Marangu, na kesho yake akaja tena. Mama mkwe alipojua ng'ombe wake anakula majani ya hotelini, roho ikamtulia, akakubali na yeye kula mayai ya hotelini. Ugomvi ulibaki mmoja tu, wa kahawa. Walimletea maji ya moto na kipakiti cha kahawa ya unga. "Mlima ule pale umejaa kahawa, ninyi mnaninywesha vumbi?" Dada wa Kibosho alicheka mpaka akashika ukuta, na kesho yake wakachemsha ya kweli. Mchana huo mama mkwe akalala, akakoroma, nami nikakaa pembeni namsikiliza kwa furaha. Sikuwahi kumwona kalala mchana.

Jumapili tukapanda kanisani kwao. Baada ya ibada, watu wanagombea ndizi za sadaka kwenye mnada, majirani wakamzunguka. Habari ilishafika kwamba kaonekana hotelini. Yeye akashika kiuno: "Ndiyo, tulilala hoteli. Nilimpeleka mkwe wangu apumzike. Cherehani imemchosha mtoto wa watu." Hata hakupepesa macho!

Jioni akaniita zizini. Zizini, Mama! Akanipa panga nimkatie Pendo mgomba, akasema bila kunitazama, "Andika kwenu. Mwambie mama yako masika ijayo apande basi aje. Tutakwenda kule hotelini mimi na yeye."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na Pendo. Asubuhi majani, jioni maziwa. Na usimcheleweshe."

Nikaenda nyuma ya migomba nikalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kitamu.

Basi uje, Mama. Kahawa iliyo kwenye mfuko huu kakaanga yeye mwenyewe. Mletee ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, ataisema vibaya na ataimaliza. Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi muuza vitumbua, mwambie kitambaa chake nimeshakikata. Mke wa Bonifasi nampa pole ya ujauzito. Wajukuu zako wanakuamkia.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Zawadi

Bonifasi, pale aliposema "Anajua kazi, huyo mama", rudi umsomee tena.